Aliyeitika Langoni

Ruangwa,
16 Machi 2025

Kwa Mjomba Yasini, Nambambo.

Shikamoo Mjomba. Natumaini barua hii itakukuta umeshafuturu, maana mwenye njaa husoma kwa hasira. Sisi huku ni wazima. Baba Samia bado yuko Lindi kikazi. Imrani anafunga nusu siku, na nusu inayobaki anatutangazia kwamba amefunga. Samia amekuwa msichana mkubwa. Sauti yake imegeuka, imekuwa ya marehemu bibi yake kabisa. Juzi alimwita mdogo wake, na jirani yetu Mama Lusiana, aliyekuwa anapepeta mchele, akaacha ungo akageuka kutazama. Mama Lusiana alimjua mama vizuri, unakumbuka.

Nimepiga simu yako mara mbili, na mara zote watu wa uani kwako walinijibu kabla yako. Tangu iharibike ikawa haisikiki bila sauti ya nje, mambo ya ukoo siwezi kuyasema humo. Leonard, kondakta wa basi la Nachingwea, amekubali kuwa posta yetu.

Jambo lenyewe ni hili. Imrani amefikia umri wa jando. Mama alinizaa peke yangu, sina kaka, kwa hiyo mjomba wa mwanangu ni wewe uliye mjomba wangu. Naomba aingie huko Nambambo likizo ya Juni, na siku ya kutoka umpe jina wewe. Sitaki jina lake litoke kwa mtu mwingine.

La pili ni upuuzi, usinicheke. Shuleni kwetu tuna mwalimu wa Fizikia, Dunstan, mtu wa Mbinga. Ametuletea mchezo. Jumamosi tunakaa uani kwangu, mimi, Mwalimu Makrina, Samia na yeye, tunavuta muda hadi futari. Kila mmoja anatunga mtu wake wa nchi isiyokuwepo: jina lake, alikozaliwa, aliyemlea, anachokipenda, anachokiogopa. Halafu Dunstan anasimulia safari, na watu wetu wanaingia ndani yake. Tukitaka kujua kama mtu kashinda au kashindwa, tunarusha kete ya ludo. Nchi yetu ina mito inayopanda milima na milima inayohama wakati wa mvua. Dunstan anasema mtu asiye na cha kuonea aibu hachezeki, hata akiwa na nguvu za tembo. Nimeipenda kauli hiyo.

Basi nikuulize, Mjomba: wewe utotoni ulikuwa unaogopa nini?

Msalimie Mama Sabaha.

Mpwa wako,
Hajra


Nambambo,
6 Aprili 2025

Mpwa wangu Hajra,

Marahaba. Idi imepita salama, tumekula tukasaza, aliyelalamika ni tumbo tu. Mama Sabaha anakusalimu, mguu wake umepata nafuu. Ufuta umesimama vizuri kama panya hawatatuzidi akili. Barua yako imechelewa kwa sababu Leonard aliiweka kwenye koti na koti likaenda kufuliwa. Wino ulikuwa umevujia karatasi yote, nimekusoma kama mganga anavyosoma ramli.

Habari ya Imrani nimeipokea kwa furaha, tena furaha kubwa. Nilikuwa nangoja uniambie, nikasema nisije nikaonekana najipendekeza. Ataingia hapa kwetu na atatoka hapa kwetu. Jina ninalo, nimelitunza tangu alipozaliwa. Hulisikii leo.

Huo mchezo wenu nimeuelewa. Watu wazima mnakaa mnajifanya watu ambao sio ninyi. Hapa kwetu mambo hayo tunayaona kila mwaka wa uchaguzi, ila hatutumii kete.

Ama hilo swali lako. Wewe umezaliwa Ruangwa mjini, na baba yako hakuwa mtu wa huku, kwa hiyo sikulaumu, nakufundisha. Kwetu mtoto akitoka jandoni, utoto wake hauulizwi. Jina aliloingia nalo linabaki kule kule. Anayemwita mtu mzima kwa jina lile amemtukana. Na mtu mzima akiitwa kwa jina lile akaitika, basi huyo bado ni mtoto, na mtoto hatoi neno mbele ya wazee. Hata mama yako, mtu aliyenibeba mgongoni, alilijua hilo.

Nitakuja mwenyewe mwezi wa tano tupange mambo ya Imrani. Mtani wangu Shaban ana shemeji yake huko Chunyu, tutasafiri pamoja. Usinipikie wali. Nina meno yangu yote, nipikie kitu cha kutafuna.

Mjomba wako,
Yasini


Ruangwa,
4 Mei 2025

Shikamoo Mjomba,

Nimefurahi sana kwamba unakuja. Baba Samia alirudi, akatengeneza choo, akaondoka tena. Imrani ana mafua. Ming'oko, ile mizizi ya porini unayopenda kutafuna, haipatikani hapa sokoni mwezi huu, ikipatikana ni midogo kama vidole vya mtoto.

Uliyoandika kuhusu jina la utoto niliyasoma, nikayarudia. Nimekuelewa. Basi tuyaache.

Mchezo wetu unaendelea. Mtu wangu mimi ni mlinzi wa lango la nchi ile, jitu refu ambalo hata milima ikihama inalipigia hodi. Lakini anaogopa radi. Alilelewa na dada yake, na radi ilipopiga dada alikuwa anamfunika kwa ungo. Sasa ni mtu mzima, na badala ya ngao anatembea na ungo ule ule, na hakuna kitu kinachoupenya. Akiona harusi analia. Mwalimu Makrina ametunga malkia mwenye majoka matatu, lakini wiki iliyopita majoka yaliposhindwa alisema, “Mwiteni yule mlinzi.” Dunstan anasema hajawahi kuona mtu wa mchezo anapendwa hivi. Mimi mwenyewe nikirudi kazini nimechoka nikamkumbuka, roho inatulia.

Ukija nitakueleza mengine kwa mdomo. Kuna mengine hayaandikiki.

Wako,
Hajra


Ruangwa,
1 Juni 2025

Shikamoo Mjomba,

Mwezi wa tano umeisha na hukuja. Barua yangu ya tarehe nne Mei hukuijibu. Leonard anaapa kwamba alikukabidhi mkononi, na koti lake hakulifua.

Mjomba, jana jioni Mama Lusiana aliniletea kapu la ming'oko. Alisema Jumamosi iliyopita mzee mmoja aliliacha kwake, akasema, “Mpe Hajra,” akaondoka. Mama Lusiana alikuwa anakwenda msibani Chiola, ndiyo maana alikaa nalo wiki nzima. Hakumtazama yule mzee vizuri kwa haraka aliyokuwa nayo. Lakini kapu nalijua. Lina ule ukindu mweusi anaouweka Mama Sabaha kwenye mdomo wa kila kapu analosuka.

Ulifika kwangu. Ulifika hadi mlango wa jirani, na kwangu hukuingia. Nimekaa na kapu hili mbele yangu nikijiuliza kama Samia alikukosea adabu, au kama ulinikuta nimefungulia redio. Jumamosi hiyo tulikuwepo wote uani, tunacheza. Sikusikia hodi.

Kuna jambo moja nalifikiria na kalamu inakataa kuliandika. Nijibu, Mjomba. Hata uniandikie mstari mmoja wa kunitukana.

Likizo inaanza Ijumaa na Imrani ameshafunga begi lake.

Hajra


Nambambo,
5 Juni 2025

Kwa Hajra,

Salamu. Sisi wazima. Idi ya kuchinja imefika, ninyi mle salama.

Mtoto mlete, nafasi yake ipo na wenzake wanaingia Alhamisi. Hilo halina shida. Ila siku ya kutoka, jina tafuta mtu mwingine ampe. Mzee Sabaha anaweza, ni mtu wa heshima, ndiye tuliyempa jina lake mwanangu wa kwanza. Mimi sifai.

Usiniulize sababu. Mtani wangu Shaban ndiye anayesimulia siku hizi, tena anasimulia vizuri, sokoni watu wanamnunulia chai.

Ming'oko ichemshe kwa chumvi.

Yasini


Ruangwa,
14 Juni 2025

Shikamoo Mjomba wangu,

Barua hii inakuja na jogoo. Leonard amemfunga miguu, ukikuta amepungua manyoya usishangae, wamegombana njiani. Utajua ni wa nini ukimaliza kusoma.

Nilipomleta Imrani ulinipokea vizuri, ukanipa maji, ukaongea na mwanangu kama kawaida, na mimi hukunitazama usoni hata kidogo. Niliporudi nilikwenda kwa Mama Lusiana nikamwomba akumbuke vizuri siku ile. Akasema wazee walikuwa wawili. Walisimama langoni kwangu. Mmoja mrefu, mwenye kapu. Ndani mtoto wa kike akaita jina la mtu, na yule mrefu akaitika “Naam,” kwa sauti kubwa, akapiga na hatua moja mbele. Kisha akasimama. Mwenzake akaanza kucheka mpaka akashika ukuta.

Mjomba, naona aibu ambayo sijui niiweke wapi.

Lile jina nililitia kwenye mchezo mimi. Mlinzi wa lango anaitwa jina lako la utoto. Sitaliandika hapa. Mama alinitajia akiwa mgonjwa, zile siku za mwisho alipokuwa anaongea habari za zamani tu. Ungo ni yeye aliyenieleza. Na ile ya harusi, kwamba siku anaolewa uling'ang'ania khanga yake hadi wakakubandua. Alikuwa anacheka anaposimulia, halafu anafuta macho. Dunstan alipotuambia tutunge watu, tuwape na mambo ya kuonea aibu, sikutunga chochote. Niliyachukua ya kwako. Nilijiambia huku ni mjini, mchezo ni wa watu wanne, Mjomba atajulia wapi. Na uliponiandikia habari ya jina, ile barua ya Aprili, nilikuwa na nafasi ya kulibadilisha siku hiyo hiyo. Sikulibadilisha. Watu walishampenda na mimi nilishazoea kusifiwa. Nina shahada, nafundisha watoto wa watu maadili, na nimefanya mjomba wangu awe wa kurushiwa kete.

Tukiwa tunacheza tunaitana kwa majina ya watu wetu. Siku ile nilikuwa jikoni, zamu yangu imefika, Samia akaniita mimi. Hakujua jina ni la nani. Hadi leo hajui, sikuweza kumwambia.

Nimewaeleza wenzangu kwamba Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu mlinzi atakufa. Mlima utamwangukia, na ungo wake, na jina lake, tusilitaje tena. Makrina amekasirika. Dunstan aliniuliza kama nimepata matatizo nyumbani, nikamwambia ndiyo.

Jogoo ni faini. Nimeuliza, nimeambiwa anayemwita mtu mzima hivyo hutoa kuku. Najua jogoo mmoja hatoshi. Mimi nihukumiwe, ila Imrani usimwache. Atatoka mbele za watu wote na wenzake watapewa majina na wajomba zao, yeye atatazama huku na huku.

Mpwa wako, kama bado unanikubali,
Hajra


Nambambo,
22 Juni 2025

Mpwa wangu Hajra,

Marahaba. Imrani mzima, anakula kuliko wenzake na hajalia, au kama amelia hajanionyesha. Ufuta tumeuvuna. Panya walikula sehemu yao wakatuachia yetu. Mama Sabaha anauliza kapu lake.

Jogoo alifika. Lakini hujui yaliyompata, na mimi nimecheka peke yangu hadi Mama Sabaha akanishika paji la uso. Alipofika tu, wazee wakaniita. Habari za Shaban ziliwafikia siku nyingi, walikuwa wananionea haya. Wakakaa, wakaniuliza kama ni kweli niliitika. Nikasema kweli. Nimeshika mikutano ya ukoo huu mpaka mvi zimenijaa, nimewatoza wengine, na siku ile nilisimama mbele yao natazama vidole vyangu vya miguu. Nilitamani ardhi inifunike na ungo juu yake.

Mzee Sabaha akauliza swali moja tu: “Aliyekuita ni nani?” Nikasema ni mtoto, anacheza. Wakanong'onezana. Wakasema mtoto hatukani, ila mtu mzima aliyeitika alipe kuku, akishalipa ataendelea kuwa mtu mzima kama zamani. Basi nikawatolea jogoo wako. Faini uliyonilipa mimi, nimelipia faini yangu. Paja alichukua Shaban, ni haki yake kwa utani, na mfupa nikamwomba Mungu umkwame kidogo.

Kwa hiyo jina la Imrani nitalitoa mimi. Mje Jumamosi tarehe tano Julai, mapema.

Sasa nikwambie ambalo sikuwaambia wazee. Lile swali la Mzee Sabaha nililijibu nusu.

Ulipoandika habari ya ungo nilijua umechota kwa nani, na nilikasirika. Nilikuja Ruangwa nikiwa nimejiandaa kukugombeza. Njiani hasira zikapungua, ming'oko ni mizito, huwezi kubeba vyote viwili. Nikafika langoni kwako. Nikainua mkono nipige hodi.

Hajra, mama yako hakuwahi kuacha kuniita lile jina. Sheria aliijua, niliandika kweli. Mbele za watu alisema “kaka Yasini,” ingawa alikuwa mkubwa wangu. Tukibaki wawili, jikoni au shambani, aliniita lile. Mimi nilikuwa namkaripia, namwambia dada utanitia aibu, naye anaita tena, polepole, ananitazama nitafanya nini. Nilikuwa naitika. Kila mara. Tangu tulipomzika hakuna mtu aliyeniita, na mimi nilijiambia ni heri, hatari imeondoka.

Basi nimesimama langoni kwako, mkono juu, nikaisikia sauti yake. Si mfano wa sauti yake. Ilikuwa ile yenyewe, na ile haraka yake, kama naitwa nikale kabla ugali haujapoa. Nikasahau kwamba amekufa. Ulikuwa muda mfupi, wa kuvuta pumzi. Nikaitika nikapiga hatua niende alipo. Shaban alipocheka ndipo nilipokumbuka, na nilikumbuka upya kabisa, kama siku ile ya kwanza.

Shaban anadhani niliona aibu kwa sababu ya jina. Muache adhani hivyo. Nilirudi kwa jirani na kapu lako kwa sababu nilikuwa nalia, mzee mzima barabarani, na sikutaka unione.

Huyo mlinzi wenu msimwangushie mlima. Hana kosa. Mpelekeni jandoni huko huko kwenye nchi yenu ya mito inayopanda, atoke mtu mzima, mumpe jina jingine. Jina mtunge ninyi, mimi nimebakiwa na moja tu la kutoa na lina mwenyewe. Ungo mwachieni.

Na Samia mje naye. Usimgombeze, na usimweleze mengi. Siku hiyo asubuhi, kabla watu hawajajaa, mwambie aje nyuma ya nyumba, pale kilipo kinu cha bibi yake. Nitakuwepo peke yangu. Aniite lile jina mara moja, kisha tutaliacha.

Asiite kwa nguvu. Nitasikia.

Mjomba wako,
Yasini